Rovu la Dada na Kijiko Changu

Alhamisi, Julai 1976. Mbeya mjini, saa sita mchana, baridi ya kutukana watu.

Jua lipo, lakini limekaa juu ya mlima Loleza kama bosi asiyetaka kusumbuliwa, na huku chini upepo unafanya unavyotaka. Nimeegesha Landrova ya hospitali nje ya bohari ya dawa. Nimekaa kwenye usukani, daftari nimelilaza juu ya goti. Mfamasia yuko kikaoni. Kikao kitakwisha saa nane, wamesema. Kisha wakaongeza: huenda.

Siwezi kutulia. Nimeshuka garini mara nne. Nimepiga teke matairi yote, na lile la spea pia, ingawa halina kosa. Nimenunua karanga nikazisahau juu ya boneti, kunguru wamezila. Sasa naandika, angalau mkono uwe na kazi.

Na mimi si mtu wa kuogopa. Nimechimba dhahabu chini ya ardhi kwa Makaburu, nimepika kwa Mgiriki kule Kitwe, nimeteremka mlima Kitonga na lori lisilo na breki huku napiga mluzi. Najua Kihehe, Kibena, Kibemba, Kiswahili, Kiingereza cha kuombea kazi na Chilapalapa cha migodini cha kutukania. Shule niliiachia darasa la sita. Padri alisema nina kichwa kizuri ila nasomea miguu. Katika hospitali yetu, huko upande wa Mufindi, hakuna asiyemjua dereva Lukosi. Wagonjwa huniita daktari mdogo. Sijawahi kuwasahihisha.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Dada Felista ndiye aliyenilea. Mama alipofariki alinibeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado ni wa kubebwa. Ana rovu. Kwetu milimani rovu si ajabu, karibu kila ukoo una shingo yake. La dada limekua naye tangu usichana, na sasa limemkalia kooni kama boga, lina mabonge mabonge, na akimeza ugali unaliona tonge linavyotafuta njia. Hujifunga kitenge mpaka kidevuni hata kwenye jua la Novemba.

Mwezi wa tatu, kilabuni, ulanzi ukiwa mtamu kweli, jamaa mmoja aliniuliza mbele za watu: wewe mtu wa hospitali, dada yako mbona umemwacha na mzigo ule? Neno lilinichoma. Nikapanda juu ya benchi nikatangaza kwamba kabla mianzi haijaacha kutoa ulanzi, rovu la Felista litakuwa limeyeyuka. Wakanipigia makofi. Nikishapigiwa makofi mimi huwa sirudi nyuma.

Dawa nilikuwa naijua. Hospitalini kuna maji ya kahawia, ya iodini. Nimeona watoto wa shule wakipewa matone yake, na baada ya miezi shingo zao zinarudi kama za ndege. Nilichukua chupa kabatini kwa mkono wangu, bila karatasi ya mtu. Nikampelekea dada siku ya Jumamosi, nikamwambia daktari ndiye aliyeitoa.

Daktari hakujua lolote.

Wiki tatu nilimpa matone. Kila Jumamosi nilizungusha uzi shingoni mwake nikapiga fundo pale ncha zinapokutana. Fundo halikusogea. Basi mimi mtaalamu nikawaza: mtoto ana rovu kama limau, anapewa matone. Dada ana boga. Boga kupewa matone ni kudharauliwa. Nikahamia kijiko cha chai, asubuhi na jioni.

Fundo halikusogea bado. Ila dada alibadilika.

Alianza kuamka kabla ya jogoo. Analima kipande ambacho wanaume wawili wangekigawana na kulalamika. Anaongea haraka, anacheka, anamaliza sufuria nzima peke yake. Majirani wakasema Felista amerudi usichana. Nikawaambia, mmeona? Nikanunuliwa ulanzi, nikanywa na sifa juu yake.

Sikutaka kuona kwamba anakula vile na gauni bado linamlegea. Kwamba anatoka jasho asubuhi ambayo majani yameganda umande. Kwamba kikombe kinagonga meno yake.

Jumatatu ya wiki hii alianguka shambani, ndipo nikamleta hospitali.

Daktari wetu, Daktari Elinami, ni binti wa Kipare, kwa umri wake ningeweza kumzaa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha Landrova na hilo nalisema popote nilipo. Alimpima dada akakuta moyo unakimbia na mikono inatetemeka. Lakini kila mtu anajua Felista anaiogopa hospitali kama chui, kwa hiyo Daktari akaona ni woga. Akasema rovu limeanza kubana njia ya hewa, atalikata Alhamisi. Yaani leo. Halafu akaniuliza mimi, pale pale kitandani, kama kuna dawa yoyote dada amekunywa, ya hospitali au ya mganga wa kienyeji.

Nikasema hajanywa kitu.

Dada alinitazama.

Jumanne mchana nikamfuata Gama, dresa, msaidizi wa chumba cha upasuaji. Gama ni Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo ni watani, na tangu ahamie hapa hatujasalimiana kama watu wazima hata siku moja. Yeye huniita mla mbwa, mimi humwita baba panya, kwa mboga ya kwao. Nikamwambia: baba panya, nimemlisha dada yangu dawa ya kabatini kwenu kwa kijiko, miezi mitatu sasa, naona nimemuua.

Gama alicheka mpaka akaweka trei chini. "Mbwa wamewaishia, sasa mmeanza ndugu? Haya, nitakuja matangani. Mniwekee paja."

Na mimi nikacheka.

Hicho ndicho kinachonikereketa kuliko kijiko. Neno la mtani halina kesi. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona bora kutukanana, na tangu hapo ukimpa Mngoni jambo lolote atalipokea kama tusi na kukurudishia lake. Nilijua hivyo. Hospitali nzima ina watu, nikamchagua Gama. Nilitaka niwe nimesema bila kusikiwa.

Jana asubuhi nilimkuta dada amekaa kitandani anashika kikombe kwa mikono miwili. Chai inamwagika kwenye shuka la hospitali, naye anaifuta haraka haraka kwa kitenge ili sista asimgombeze. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Daktari. Sikubisha hodi.

Nilisema yote. Kabati, chupa, kijiko, uongo wa Jumatatu. Nilipofika mwisho, ulimi kwa mazoea ukaanza kutafuta kichekesho. Akainua mkono.

"Kijiko cha chai au cha mezani?"

"Cha chai. Kutwa mara mbili."

"Nilikuuliza Jumatatu, Mzee Lukosi."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Tukaenda wodini. Alimfungua dada kitenge, akaweka kile kipimo cha masikioni juu ya rovu, akasikiliza muda mrefu, kisha akanivalisha mimi. Nikasikia mvumo. Vuu, vuu, vuu, kama Landrova inapanda mlima kwa gia ya pili. Nikamuuliza ni nini, akasema ni damu. Rovu linapokua huita mishipa yake lenyewe, mishipa mipya, kama kijiji kipya kinavyochimba mifereji kutoka mtoni. "Ningetia kisu hapa kesho," akasema, "ningekata mto." Na si damu tu. Mle ndani kumejaa ile dawa ya mwili inayotengenezwa na tezi. Ingemwagika yote kwa mkupuo, na moyo uliokwisha kuchoka ungekimbia mpaka ukakatika.

Baadaye alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Nimeikunja, ninayo mfukoni. Nimeshaitazama mara nyingi tangu nifike hapa.

Ni hivi, kama nilivyoelewa, na mimi huelewa haraka nikishaharibu. Chini ya ubongo kuna kitu kidogo kama njegere. Hicho ndicho mkubwa. Kinatuma barua kwenye damu kwenda kwenye tezi ya shingo: tengenezeni. Kila chembe ya tezi ina vitasa ukutani, na barua ile ni ufunguo. Ikiingia kitasani, kazi inaanza. Lakini kazi inataka iodini, na mvua zimeiosha kwenye udongo wetu zamani. Tezi haitoi kitu. Mkubwa akiona kimya anatuma barua nyingine, na nyingine, kwa miaka. Tezi maskini inaitikia kwa kile inachoweza: inaongeza wafanyakazi, inaongeza vyumba, inaongeza mifereji. Nikamwambia Daktari huyo namjua, ni mwenyekiti wa kijiji anayeagizwa pareto bila kupewa miche, basi anajenga maghala. Daktari alitaka kucheka, nikaona, akajizuia.

Kwa mtoto mambo bado ni rahisi. Ukimpa matone, kazi inafanyika, mkubwa anaridhika, barua zinapungua, wafanyakazi wanarudi makwao. Shingo inanywea.

Lakini rovu la siku nyingi lina mabonge. Na mle kwenye mabonge kuna chembe zilizopigiwa kelele maisha yao yote mpaka siku moja zikaacha kungoja barua. Ni kama kitasa kilichokwama wazi. Mkubwa akinyamaza, zenyewe zinaendelea. Kitu pekee kilichokuwa kinazizuia ni kukosa iodini.

Nami nikazipelekea. Kwa kijiko.

Nilimuuliza kwa nini moyo sasa. Akasema ile dawa ya tezi ikizidi, inafanya moyo wenyewe uongeze vitasa vyake, vile vya hofu. Mwili wa dada hautoi hofu zaidi ya wangu, ila funguo zile zile chache sasa zinakuta vitasa tele, basi mlango ukigongwa wodini moyo wake unasikia simba. Mikono nayo vilevile. Alinieleza hata namna mshipa wa fahamu unavyokutana na msuli: kumbe havigusani. Kuna ufa mdogo katikati, na ujumbe unauruka kama mtu anavyoruka mfereji, upande wa pili kuna kitasa kinamngoja. Nimetazama mkono wangu huu unaoandika. Kutaka tu kuandika herufi moja, wangapi wameruka mfereji? Nilipokuwa darasa la sita mtu angeniambia hayo nisingekimbia shule. Au ningekimbia. Kitonga haikunifundisha unyenyekevu, sembuse ubao.

Zinatakiwa dawa mbili. Moja ya kuifunga tezi mkono, hiyo tunayo, lakini inachukua wiki nyingi. Ya pili ni ya kuziba vitasa vya moyo, kama kutia nta kwenye tundu la ufunguo, na hiyo ndiyo itakayomvusha wiki hizo. Hiyo hatuna. Daktari alipiga simu huku na huku mpaka jioni. Iko hapa Mbeya.

Nilisimama nikamwambia nimeelewa, nitaacha funguo za gari mezani, kosa ni la kufukuzwa.

"Kazi yako tutaizungumza baadaye," akasema. "Kesho nahitaji dereva."

Jioni nikiwa napima oili, Gama alikuja. Hakuniita mla mbwa. Alisimama upande wa taa ya mbele, mikono mfukoni.

"Ungeniita Leonardi," akasema. "Ungeniita jina langu, ningejua unasema kweli."

Alinisaidia kufunga boneti akaenda zake. Mtani wangu, na tulikuwa hatujawahi kukaa kimya pamoja.

Leo kulipokucha nilipita wodini kumuaga dada. Kamwene, akanisalimu, kama kawaida, kama vile tumekutana njiani. Mshipa wa shingo unaruka. Nilipiga magoti, mimi mwenye goti bovu la mgodini, nikamwambia dawa ile hakuitoa daktari, niliiba, na nilikuwa sijui ninachofanya.

Akasema alijua tangu Jumatatu, Daktari alipouliza. Tena tangu mwezi wa nne alijua kwamba inamdhuru. Moyo ulianza kumkimbia wiki ile ile ya kijiko. Nikamuuliza, sasa dada, kwa nini uliendelea kunywa?

"Ulikuwa unakuja kila Jumamosi," akasema. "Miaka mingapi hukuwa unakuja?"

Kisha akaniambia nivae koti, Mbeya kuna baridi.

Nimefika Kitwe, nimefika Johanesbagi, nimeonwa na miji. Kwa dada yangu ni safari ya saa moja kwa gari, na nilihitaji chupa ya wizi ndipo nipate sababu ya kwenda.

Barabara nimeikimbiza leo kwa namna ambayo nisingemruhusu mwingine. Makambako, Igawa, lami nyeusi, sijasimama hata kujisaidia. Pale Igurusi ng'ombe wa Wasukuma wakafunga njia, kundi zima linavuka kutoka bondeni kwa mwendo wa maandamano ya harusi. Siku nyingine ningeshuka, ningepiga soga na wenyewe, ningewaambia nilivyowahi kukamua ng'ombe wa Kaburu. Leo nililalia honi. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuja mpaka dirishani, akanitazama vizuri, akaniuliza nani anaumwa.

Nikamwambia, dada yangu.

Akapiga mluzi mmoja. Sijui aliwaambia nini ng'ombe wale, waligawanyika katikati.

Saa saba na nusu. Wametoka kikaoni mapema, dirisha limefunguliwa. Nimeingia nikatoka, sasa namalizia kuandika huku injini inapata moto.

Mfamasia ni mama wa Kinyakyusa, mkubwa wa mwili na wa sauti, miwani imening'inia kwa kamba. Alisoma barua ya Daktari mara mbili. Akauliza mgonjwa alipata wapi iodini yote ile, hospitali gani inampa mtu mwenye rovu la zamani kiasi hicho. Watu wa foleni walikuwa wananisikiliza. Nilikuwa na uongo mzuri, ulikuja wenyewe, umevaa tayari, una mganga wa kienyeji ndani yake na kibuyu.

Nikamwambia, nilimpa mimi, mama. Mimi ndiye ndugu yake. Nilichukua bila kuuliza.

Alivaa miwani akanitazama. Nilingoja matusi. Akaingia ndani, nikasikia anafungua na kufunga makabati, akarudi na kichupa kimoja. Vidonge ni vya wiki mbili tu, vingine vitakuja na treni, hajui lini. Akaandika maelezo kwenye kibandiko kwa herufi kubwa, akanisomesha kwa sauti kama mtoto wa shule: kidonge kimoja, mara tatu, baada ya kupima moyo, na asipime dereva. Mwisho akaniambia, mwanangu, nenda polepole, mgonjwa hahitaji maiti ya pili.

Ya pili. Sijui kama aliteleza au alikusudia.

Kichupa kiko mfuko wa shati, upande wa kushoto. Kila gari likitikisika kidogo vidonge vinalia mle ndani, na mimi nagusa kama bado vipo. Nikiondoka sasa hivi nitamkuta kabla hawajagawa uji wa jioni, kama ng'ombe wamelala na kama Chimala hakuna ukungu. Daktari alisema usiku wa jana moyo ulikuwa unaruka mapigo, alisema tu hivyo, akageuka kuandika.

Nimekuwa nikikimbia tangu nina miaka kumi na mbili na kila nilipofika nilikuta nimewahi. Leo tu ndiyo nauliza. Moyo wa Felista, huko kitandani, unaningoja, au unakimbia kunizidi?